Baiskeli ya Springi ya Mbele

Wadogo zangu wa kazini, siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa kitenge, sufuria mbili na ombi moja: niandike nilivyofanya kazi. Sufuria zinatumika. Ombi nililiweka kando mpaka mliposikia kwamba nimenunua baiskeli, simu zikaanza kulia. Wengine mliuliza kama naumwa. Mmoja, sitamtaja, aliuliza kama pensheni imekwama. Siumwi, na pensheni haihusiki. Nimenunua baiskeli ya mlima iliyotumika, ya springi ya mbele tu, na niliichagua kwa muda mrefu kuliko nilivyomchagua mwalimu aliyenioa. Kueleza kwa nini nilichukua hiyo, inabidi nianzie Nyamongo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, na faili lina panya wake.

Nilipangiwa Nyamongo nikiwa muuguzi mpya, miaka ile ya dhahabu, kabla mgodi mkubwa haujazungushiwa uzio. Watu walikuwa wametoka kila upande, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma, na wengine hatukujua kwao ni wapi. Walichimba mashimo tuliyoyaita maduara, wakayapandisha mawe kwa kamba, wakayapeleka kusagwa. Mchana wanavuta vumbi la mawe, jioni wanalala watano ndani ya kibanda kimoja cha turubai. Kifua kikuu kikija mahali kama hapo hakina haja ya kubisha hodi.

Zahanati yetu iliongozwa na Mama Robi, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nilimkuta anahesabu vidonge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Ghati? Unajua kuendesha baiskeli?"

"Najua," nilisema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewahi kubebwa kwenye keria.

"Vizuri. Ile pale ukutani. Dawa ziko kabatini na wagonjwa wako kule juu mashimoni. Hawatashuka wenyewe."

Ilikuwa baiskeli nyeusi ya Kichina, ya kiume, yenye chuma cha juu kinachokutaka unyanyue mguu kama unavuka ua. Nami nilikuwa na gauni jeupe la kazi. Siku tatu za kwanza niliisukuma, nikiwaambia watu kwamba ina pancha. Siku ya nne mchimbaji mmoja akaniita kutoka juu ya lundo la mawe, "Sista, hiyo pancha yako haizibiki?" Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Jioni hiyo Mama Robi alinipeleka nyuma ya zahanati, akashika keria, akasema nitazame mbali na nisitazame gurudumu. Nilianguka mara nne. Kesho yake nilivaa suruali ndani ya gauni. Baadhi ya wazee wa kijiji walisema wauguzi wa siku hizi wameharibika. Wiki mbili baadaye wazee wale wale walikuwa wananisimamisha njiani niwapime presha.

Kila wiki nilipeleka sampuli za makohozi hospitali ya Tarime. Nikipata lori, baiskeli ilipandishwa juu ya magunia. Nikikosa, tulikwenda wawili, mimi na chuma changu. Hapo ndipo nilipomfahamu Fundi Salumu wa Nyamisangura, hapo hapo Tarime mjini, aliyetengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake, kofia kichwani na miwani iliyofungwa kwa waya wa spoki. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, na Kiswahili cha mzee huyo kilifanya chetu kisikike kama kokoto kwenye debe. Hakukubali kutengeneza chochote mpaka ukae chini uone.

"Mwanangu, ukienda zako huko mawe matupu, mimi siko," aliniambia. "Shika spana mwenyewe."

Alinifundisha kuziba pancha, kunyoosha rimu kwa kukaza spoki upande mmoja na kulegeza mwingine, na kusikiliza cheni. Siku nilipolalamika kwamba baiskeli yangu ni mbaya kuliko ya karani wa kata, aliweka bisibisi chini.

"Baiskeli haichaguliwi kwa jicho. Jiulize inabeba nini na inapita wapi. Halafu ujiulize, ikiharibika, nani ataitengeneza. Ya karani inabeba karani."

Jambo jingine alilonisisitizia ni kuifuta foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kila Jumamosi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Si kwa ajili ya usafi. Ukifuta, unaona. Nilifanya hivyo miezi mitatu au minne, halafu kazi ikazidi.

Sasa niwaambie habari ya Chacha, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande na kwa makosa.

Chacha alikuwa mchimbaji wa miaka thelathini hivi, alikuja kwetu akiwa mifupa. Wakati ule matibabu ya kifua kikuu yalikuwa ya miezi minane, na miwili ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele yetu kila asubuhi. Alimeza. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili alikuwa amenenepa, anabishana na Mama Robi kuhusu siasa, na Jumatatu moja hakuja. Jumanne hakuja. Mke wake alikuja Jumatano na mtoto mgongoni, akasema mume amevuka Mto Mara, kuna machimbo mapya yamegunduliwa upande wa Serengeti, na yeye ameachiwa debe la mahindi.

Mnajua mgonjwa akiacha dawa katikati kinachotokea. Ugonjwa unarudi umeshajua silaha zako. Mama Robi akafunga dawa za mwezi mzima kwenye mfuko wa nailoni, akanifungia kwenye keria kwa mpira.

"Umrudishe au umwachie mtu atakayemwangalia akimeza," alisema. "Usirudi na mfuko huu."

Niliondoka asubuhi. Kwenye mteremko unaoelekea mtoni, wenye mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, foku ilikatika. Haikupinda, ilikatika pale shingoni, gurudumu likaenda njia yake na mimi nikaenda kwa uso. Meno mawili ya mbele mnayoyaona ni ya bandia, na hapo ndipo ya asili yalipobaki. Nilipoketi nikaitazama ile foku. Nusu ya mkato ilikuwa chuma cheupe kipya, nusu nyingine ilikuwa na kutu. Maana yake ufa ulikuwepo wiki nyingi, chini ya matope ambayo sikuyafuta.

Dawa zilikuwa salama. Niliacha baiskeli kwenye mji wa jirani, yaani boma lililokuwa karibu, mama mwenye mji akanipa maji ya chumvi nisukutue, nikavuka daraja na kutembea mpaka jua likawa utosini. Nilimkuta Chacha amekaa nje ya kibanda anachonga mpini. Ndani, juu ya gunia, alilala mwenzake wa shimoni, Marwa, ameelekea ukutani.

"Sista!" Chacha alisimama. "Nani amekupiga?"

"Wewe," nilisema, damu bado inatoka. "Kwa nini uliacha dawa?"

"Nimepona. Niangalie. Mgonjwa anaweza kupandisha mawe kama mimi?"

"Anaweza, mpaka siku atakaposhindwa. Ukianza tena kukohoa dawa hizi hazitakusaidia, na ukirudi nyumbani mtoto wako atalala kifuani kwako."

Chacha aliokota mpini wake, akaendelea kuchonga. Marwa akakohoa mle ndani, kikohozi kirefu kikavu. Nilimsikia. Nilidhani ni vumbi. Nilikuwa nimetembea njia yote hiyo kwa ajili ya jina moja lililoandikwa kwenye kadi moja, mdomo unaniuma, nataka kumaliza. Chacha alikataa kurudi Nyamongo lakini alikubali kumeza. Tukampata mama mmoja aliyewapikia wachimbaji ugali, akakubali kwamba Chacha hatapata chakula kabla hajameza mbele yake. Mama huyo alifanya kazi nzuri kuliko watu wengi niliowaona na vyeti.

Nilirudi baada ya wiki mbili kumwangalia. Chacha alikuwa anameza. Marwa alikuwa amelala pale pale. Nikamsalimu, akaitikia, nikaondoka.

Mara ya tatu gunia lilikuwa tupu.

"Marwa amehama?" niliuliza.

"Walikuja ndugu zake wakamchukua," Chacha alisema. "Tumemzika Jumapili." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Sista, ulikuja mara mbili. Hukumuuliza kitu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Nilimweleza Mama Robi nikitegemea ataniambia si kosa langu. Hakusema hivyo, wala hakunigombeza. Alichukua daftari la wagonjwa, akaweka rula, akapiga mstari wa kalamu nyekundu kutoka juu mpaka chini, akafungua safu mpya ambayo wizara haikuwa imetuagiza. Juu yake akaandika: *Analala na nani?* Kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa aliyepita mezani kwangu bila safu hiyo kujazwa, na ninyi nyote niliowafundisha mmenilaumu kwamba inachukua muda. Ndiyo, inachukua.

Chacha alimaliza miezi yake. Mke wake aliniletea jogoo, nikampokea, nikamla.

Fundi Salumu alinitengenezea foku nyingine kutoka kwenye baiskeli iliyogongwa na trekta. Alipoona kipande kilichokatika alipitisha kidole gumba juu ya ile kutu, akanipa kitambaa na chupa ya mafuta ya taa, akarudi kwenye kazi yake. Baiskeli ile niliiendesha miaka mingine sita.

Baadaye ikaja pikipiki ya mradi, mgodi mkubwa ukafunguliwa, barabara ikachongwa, nikahamishiwa ofisi ya Tarime ambako kulikuwa na gari. Bodaboda zikajaa mpaka mtu hatembei tena kwenda chooni. Baiskeli yangu ilibaki stoo, nasikia ilikatwa ikawa toroli. Nilikaa miaka mingi bila kukanyaga pedali. Uzito ulipanda, magoti yakaanza kutoa sauti, na nilipostaafu tukahamia shambani kwetu Itiryo. Huko kuna milima, ng'ombe na mahindi, na mtu akitaka kufika zahanati au sokoni ni bodaboda au miguu. Daktari alisema nifanye mazoezi. Bodaboda si mazoezi, labda ya moyo.

Nikaamua baiskeli. Mume wangu, Mwalimu Nyamhanga, naye mstaafu, alivua miwani.

"Mama Bhoke, una miaka sitini."

"Najua. Tuliijaza pamoja kwenye fomu."

"Watu watasema nini?"

"Walishasema zamani nikiwa Nyamongo. Nadhani wamechoka."

Bajeti yangu ilikuwa ya katikati. Sikutaka zile mpya za bei ya kuku zinazoanza kuota kutu zikiwa bado na nailoni, na zile wanazoendesha wazungu wanaokuja kutazama wanyama Serengeti sikuziweza. Nilijiwekea bei ya ndama jike, nikaenda mjini Tarime kwa Otieno, anayeuza baiskeli za mtumba. Ni kijana wa watu, mwenye familia, amekulia Sirari, mpakani na Kenya, na mdomo wake uko nusu ng'ambo ya mpaka.

"Karibu mum! Niko na kitu yako hapa, ya akina mama, iko na kikapu na kengele."

"Kikapu ninacho nyumbani. Nataka ya kupanda mlima."

Basi akanionyesha. Nikiri kwamba nilitishika. Baiskeli zilikuwa zimekua kuliko mimi. Magurudumu makubwa, matairi mapana kama ya pikipiki, breki zimehama kutoka kwenye rimu zikawa diski katikati. Nikasimama nikayakumbuka maswali ya Fundi Salumu, nikaanza na la kwanza. Inabeba nini? Inanibeba mimi, ambaye si mwepesi, na kilo kumi za unga. Inapita wapi? Mawe, matope ya masika, njia za ng'ombe.

Otieno alinipa kwanza moja nyekundu mpya inayong'aa, yenye springi mbili, mbele na nyuma. Niliizungusha kiwanjani. Inabembea kama kitanda cha hoteli. Lakini kila nilipokanyaga, nyuma ilizama, nguvu ya goti ikaliwa na springi kabla haijafika kwenye gurudumu. Springi ya nyuma ya bei ya ndama ni uzito tu unaoubeba mlimani. Kwa pesa zilezile, ni afadhali uchukue yenye fremu ngumu nyuma na springi nzuri mbele, hasa kama ina kitufe cha kuifunga unapopanda.

Breki tulibishana. Alinisifia za mafuta, ambazo kweli zinashika ukigusa kwa kidole kimoja. Nikamuuliza Itiryo nani atazijaza mafuta zikivuja. Nikachagua diski za waya, maana waya unauzwa hata dukani kwa sukari. Giya vilevile: nilikataa zenye giya kumi na mbili nyuma, cheni yake nyembamba kama mkufu na haipatikani. Nane zinatosha, mradi ile ya mwisho iwe kubwa kama sahani. Na chuma cha juu nilitaka kilichoinama kuelekea siti, nisimame juu yake bila kuvuka ua tena.

Niliipenda moja ya bluu. Ilikuwa na kila nilichotaka, na rangi yake niseme nini, niliiona nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Nikaishusha bei, Otieno akaguna akakubali. Halafu nikaomba kitambaa na mafuta ya taa.

"Mum, imeoshwa."

"Najua. Nipe tu."

Nikafuta taratibu, nikafika chini ya shingo, pale chuma cha chini kinapoungana na kile kinachoshika usukani. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Hiyo ni kwaruzo ya rangi," Otieno alisema.

"Lete kisu tukwangue."

Alisita, akaleta. Rangi ikatoka, mstari haukutoka. Uliingia ndani ya chuma na kuzunguka upande wa pili. Otieno alichuchumaa akautazama muda mrefu.

"Mi sikuiona hii, mum. Naapa."

"Nakuamini. Mimi yangu niliiona nikiwa chini." Nikatoa meno yangu ya bandia nikamwonyesha pengo. Alirudi nyuma hatua moja.

Nilipoyarudisha, aliniambia jambo lililokuwa linamsumbua. Baiskeli hiyo kuna mwalimu wa sekondari ameiona picha yake kwenye simu, na angekuja jioni kama mimi ningeiacha. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba labda mtu akiwa mwepesi haitaleta shida.

"Mwalimu huyo ana watoto?" nilimuuliza.

"Watatu."

Nilikwenda kutazama nyingine huku nikimsikiliza. Baada ya muda nikasikia spana. Otieno alikuwa anaifungua ile ya bluu, anatoa magurudumu, anatoa giya, avitie kwenye nyingine. Fremu akaiegemeza ukutani, akachukua msumeno wa chuma akaikata pale kwenye ufa. Kwa kweli nilimheshimu. Ile ilikuwa hasara yake na hakuna aliyemlazimisha.

Niliyoichukua ni ya kijani iliyochujuka kama jani la muhogo mkavu. Imechubuka kwenye pedali, siti yake ni ngumu, kengele haina. Nilifuta kila kiungo, sikuona kitu. Niliinyanyua nikazungusha gurudumu, nikalitazama kwa jicho moja kutoka nyuma, likaenda sawa. Otieno alinibadilishia waya za breki bure na kuniongezea pampu.

Nilitoka Tarime na bodaboda, baiskeli ikiwa imefungwa nyuma, kwa sababu kujiamini ni kitu kimoja na mlima wa kwanza ni kingine. Nilishukia mwanzo wa njia ya kwetu, nikapanda. Kilima cha kwanza nilishuka nikasukuma. Cha pili nilifika katikati. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo, mmoja akaniamkia, akauliza kama anisaidie. Nikamwambia anisaidie kwa kutonitimulia vumbi. Kwenye mteremko wa mwisho niliachia breki kidogo tu, matairi yakala mawe yote, mikono yangu haikutetemeka, na nikajikuta nacheka peke yangu na mdomo wazi, jambo ambalo mtu mwenye meno kama yangu hapaswi kulifanya akiwa kasi.

Mwalimu alikuwa uani. Aliizunguka mara mbili, akabonyeza springi ya mbele, akabonyeza tairi, akasema "Mm," akaingia ndani. Kwa siku tatu hakuitaja.

Jumamosi asubuhi nilimaliza kukamua, nikaenda kuichukua niende sokoni. Haikuwepo. Niliita, hakuna aliyeitika. Nikawauliza majirani. Wakasema wamemwona Mwalimu akielekea kwa kaka yake, suruali ameichomeka kwenye soksi. Nikakaa kizingitini nikasubiri.

Alirudi jua limekwisha kuwa kali, anaisukuma, matope mpaka magotini, kofia hana. Aliiegemeza ukutani kwa uangalifu sana, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akanywa maji vikombe viwili akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na mengine hayakuwa mazuri.

"Mama Bhoke," aliniwahi, "ile giya nyepesi ya mlimani unaiweka kwa kidole gani?"

"Gumba. Mkono wa kulia."

Akakitazama kidole chake, akakikunja, akakikunjua.

"Otieno," akasema, "ana fremu kubwa zaidi ya hii?"